Moto wa mlimani ulivyoleta gharika Kilembe siku ya Leba Dei

KWA wafanyakazi wengi wa Afrika Mashariki, Mei 1 huwa siku ya mapumziko, ya maandamano ya tarumbeta na mabango, na ya kusikiliza hotuba za viongozi wa vyama vya wafanyakazi huku kila mmoja akitega sikio kusikia iwapo mshahara utaongezwa.

Kwa wakazi wa Kilembe, mji mdogo wa uchimbaji shaba ulioko magharibi mwa Uganda, tarehe hiyo ina kumbukumbu nyingine.

Siku ya Jumatano, Mei 1, 2013, Mto Nyamwamba unaopita katikati ya mji huo ulivunja kingo zake. Maji hayakuja peke yake. Yaliandamana na matope, magogo ya miti na majabali makubwa kutoka Milima ya Rwenzori, yakasomba madaraja, yakabomoa nyumba na kuingia katika hospitali ya mgodi ambako wagonjwa walilazimika kuhamishwa.

Watu kadhaa walipoteza maisha na maelfu wakaachwa bila makao. Barabara inayounganisha Kilembe na mji wa Kasese, ulioko umbali wa takriban kilomita kumi hivi, ilikatika. Sikukuu ya wafanyakazi ikageuka kuwa siku ya kutafuta jamaa na kuokoa godoro, sufuria na vitabu vya watoto.

Lililowashangaza wengi ni kwamba mto huo ulikuwa umeishi na watu wa Kilembe kwa miongo mingi. Waliujua kwa sauti, kwa rangi na kwa kina chake. Masika yalikuja na kwenda kila mwaka. Ni nini basi kilichobadilika mwaka wa 2013?

Jibu lililopatikana baadaye linawahusu hata watu wanaoishi mbali na Rwenzori, wakiwemo wakazi wa mitaa ya Fedha, Tassia na Pipeline, Eastlands jijini Nairobi, ambao nao wanaishi karibu na viwanda na karibu na mto.

Mji uliozaliwa na shaba

Kilembe iko katika bonde jembamba upande wa mashariki wa Rwenzori. Pande zote mbili za bonde hilo kuna miteremko mikali, na chini yake kuna nafasi ndogo tu ya ardhi tambarare ambamo mto, barabara, mgodi na nyumba za watu vinabanana.

Mgodi wa Kilembe ulianza kuzalisha shaba mwaka wa 1956 chini ya usimamizi wa kampuni ya Falconbridge kutoka Canada. Mwaka huo huo reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Shaba ilisafirishwa kwa treni hadi Jinja, ambako kulikuwa na kiwanda cha kuiyeyusha kilichotumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka wa 1954. Kutoka hapo ilipitia Kenya hadi bandari ya Mombasa.

Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa mazao makuu matatu ambayo Uganda iliuza nje, pamoja na kahawa na pamba. Vijana walitoka pembe nyingi za nchi kuja kutafuta kazi. Kampuni iliwajengea nyumba, shule, viwanja vya michezo na hospitali, na karibu vyote vikawekwa pale palipokuwa na nafasi, yaani kando ya mto.

Uchumi wa Uganda ulipoporomoka katika miaka ya 1970, mgodi nao ulidhoofika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulikuwa umesimama. Katika miaka ya 1990 treni za Kasese nazo zilikoma. Hata hivyo, watu hawakuondoka. Waliendelea kuishi katika nyumba za mgodi, wakilima miteremkoni na kufanya biashara ndogo ndogo, wakisubiri siku ambayo mgodi ungefunguliwa tena.

Mwaka wa 2013, ule ule wa gharika, serikali ya Uganda iliukabidhi mgodi huo kwa muungano wa kampuni za Tibet Hima kutoka China. Mkataba huo ulikatizwa mwaka wa 2017.

Lawama kwa mizimu, theluji na mvua

Mkasa ulipotokea, kila mtu alitafuta wa kulaumiwa.

Kwa jamii ya Wakonzo, ambao Rwenzori ni makao yao, mlima huo si mawe na udongo mtupu. Ni makao ya Kitasamba, nguvu inayoaminika kutawala mlima na theluji yake. Kwa mujibu wa imani hiyo, mto ukighadhabika ni dalili kwamba jambo fulani limeharibika kati ya watu na mlima. Imani hiyo haipaswi kudharauliwa. Wenye kuishikilia walikuwa wakisema, kwa lugha yao, kwamba chanzo cha tatizo kilikuwa juu mlimani, na katika hilo hawakukosea.

Wengine walilaumu kuyeyuka kwa barafu. Ni kweli kwamba barafu ya Rwenzori inatoweka. Mwaka wa 1906, mtawala mdogo wa Abruzzi kutoka Italia alipoongoza msafara wa kuvikwea vilele hivyo, barafu ilifunika takriban kilomita 6.5 za mraba. Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imesalia karibu kilomita moja tu ya mraba.

Hata hivyo, barafu hiyo haiwezi kubebeshwa mzigo wa gharika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba katika Mto Mubuku, unaopokea maji ya theluji moja kwa moja, mchango wa barafu inayoyeyuka haukufika hata asilimia mbili ya maji yote. Rwenzori ni mlima wa mvua, na mito yake hulishwa na mvua.

Je, ilikuwa mvua basi? Bila shaka mvua ilihusika. Rwenzori hupata misimu miwili ya mvua, na ule wa kwanza huanza Machi na kuendelea hadi Mei, kwa hivyo Leba Dei huangukia ndani ya msimu wenyewe. Lakini watafiti waliochunguza gharika hiyo kwa kina na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2016 walibaini kwamba mvua iliyonyesha haikuwa ya kipekee kiasi cha kueleza maangamizi hayo peke yake. Mvua ya aina hiyo ilikuwa imewahi kunyesha na mto ukabaki katika njia yake.

Walipotazama juu zaidi mlimani, waliona kwamba sehemu ya chanzo cha mto ilikuwa imeungua.

Moto katika mlima wa mvua

Februari 2012, miezi 15 kabla ya gharika, moto ulizuka katika maeneo ya juu ya Rwenzori, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ambayo tangu mwaka wa 1994 imeorodheshwa na Unesco kuwa turathi ya dunia. Uliteketeza mimea katika sehemu ya bonde la juu la Mto Nyamwamba.

Jina Rwenzori lenyewe hufasiriwa na wengi kuwa na maana ya mleta mvua. Moto mkubwa katika mahali kama hapo ni jambo lisilo la kawaida. Lakini msimu wa kiangazi ukiwa mkali, mimea ya milimani hukauka, na mboji iliyorundikana kwa miaka mingi chini yake hugeuka kuwa kuni.

Ili kuelewa hasara iliyotokea, ni muhimu kufahamu kazi iliyokuwa ikifanywa na mimea hiyo.

Katika mwinuko wa kati ya mita 3,000 na 4,000, Rwenzori hufunikwa na vichaka vilivyovikwa kuvumwani nene, pamoja na vinamasi vinavyobonyea mguu ukikanyaga. Kuvumwani na mboji hufanya kazi kama sifongo. Mvua inyeshapo, hufyonza maji na kuyaachilia pole pole kwa siku nyingi. Aidha, majani hupunguza kishindo cha matone, nayo mizizi hushikilia udongo juu ya mwamba ulioinama.

Moto huondoa vyote hivyo kwa siku chache. Kwanza, sifongo hutoweka. Pili, mimea ikiungua, mvuke wa mafuta yake unaweza kupenya kwenye udongo na kugandamana kama nta, hivyo kuufanya udongo ukatae maji badala ya kuyanywa. Tatu, mizizi hufa. Mizizi iliyokufa huendelea kushikilia udongo kwa muda, kisha huoza.

Jambo hilo la tatu ndilo linaloeleza kwa nini madhara ya moto huweza kuchelewa. Mtu akitazama mlima wiki moja baada ya moto, huona majivu na kudhani kwamba mabaya yamekwisha. Kumbe kamba zilizofunga mlima zinaendelea kukatika chini kwa chini, mwaka hadi mwaka.

Mvua ya mwaka wa 2013 iliikuta miteremko hiyo ikiwa katika hali dhaifu. Maporomoko ya ardhi yalitokea mahali pengi katika bonde la juu, yakaumwagia mto udongo na mawe. Maji yaliyopaswa kuchukua siku kadhaa kuteremka yalishuka kwa pamoja.

Ikumbukwe pia kwamba Rwenzori ni eneo la mitetemeko ya ardhi. Tetemeko la Machi 20, 1966 liliua zaidi ya watu mia moja magharibi mwa Uganda, na jingine lilitokea Februari 5, 1994. Mlima unaotikiswa mara kwa mara huwa na mawe mengi yaliyolegea, yakisubiri tu wa kuyasukuma.

Maji yanavyobeba majabali

Wengi walioona bonde la Kilembe baada ya gharika walistaajabu. Majabali yenye ukubwa wa gari yalikuwa yamelala mahali palipokuwa na nyumba na bustani. Yaliwezaje kusafiri?

Uwezo wa mto wa kusukuma mawe haukui kwa kiwango sawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, uzito wa jiwe ambalo maji yanaweza kulisukuma huongezeka mara nyingi zaidi, hata zaidi ya mara hamsini. Mto uliokuwa ukichezea kokoto asubuhi unaweza kusukuma jabali jioni.

Sababu ya pili ni matope yenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji safi ina uzito wa tani moja. Mita moja ya mwamba ina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Jiwe likizama majini hupungukiwa na uzito sawa na ule wa maji liliyoyasukuma kando. Lakini maji yakichanganyika na udongo mwingi hadi yakawa mazito kama uji, uzito wake unaweza kukaribia tani mbili kwa kila mita ya ujazo. Ndani ya uji huo, jabali hukaribia kuelea.

Sababu ya tatu ni magogo. Miti iliyong'oka hukwama kwenye daraja au mahali mto unapobana, mawe hujazana nyuma yake, na maji hukusanyika kama kwenye bwawa. Kizuizi hicho kikiachia, kinachoshuka ni ukuta, na daraja lililo chini yake hugeuka kuwa kizuizi kinachofuata.

Ndiyo maana mafuriko ya aina hii huwakuta watu wakiwa hawana habari. Mvua inaweza kuwa inanyesha kilomita nyingi juu, nyuma ya mawingu, huku wakazi wa bondeni wakianika nguo. Onyo pekee huwa ni ngurumo ya mawe yakigongana, na ikishasikika, muda uliobaki ni wa dakika tu.

Kilembe si peke yake katika hili. Desemba 2017, moto mkubwa uliteketeza vilima vilivyo juu ya mji wa Montecito, jimboni California, Marekani. Mvua ilipokuja Januari 9, 2018, matope na majabali yaliteremka usiku na kuua zaidi ya watu 20. Montecito ni makao ya matajiri wakubwa, ilhali Kilembe ni mji wa wachimba migodi waliopoteza kazi. Mlima ulioungua haukubagua.

Deni la mgodi

Kuna jambo jingine linalofanya mafuriko ya Kilembe yawe tofauti na ya vijiji vingine vya milimani.

Katika miongo ya uchimbaji, mamilioni ya tani ya mabaki ya mawe yaliyosagwa yalimwagwa bondeni, mengine kando kando ya Nyamwamba. Mabaki hayo yana shaba, kobalti na madini mengine mazito. Sehemu nyingine ya mabaki, yenye madini ya piriti, ilirundikwa Kasese. Piriti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki, na kwa miaka mingi maji hayo makali yaliacha ukanda usioota kitu ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Queen Elizabeth.

Kuanzia mwaka wa 1999 kampuni moja ilichenjua rundo hilo la Kasese kwa miaka kadhaa ili kupata kobalti, na hivyo likapungua. Mabaki ya bondeni Kilembe yaliachwa yalivyokuwa.

Mto unapofurika, hula kingo zake, na mahali ambapo ukingo ni rundo la mabaki ya mgodi, chakula cha mto ni madini hayo. Huyabeba na kuyatandaza kwenye mashamba ya mihogo na mboga, kwenye visima, na hatimaye katika Ziwa George ambako samaki huvuliwa. Uchunguzi wa udongo na maji katika eneo hilo umeonyesha viwango vya shaba na kobalti vilivyo juu kupita kawaida katika baadhi ya sehemu.

Kwa hivyo familia inayopoteza nyumba kwa mafuriko ya Kilembe inaweza kurudi shambani ikadhani kwamba tope jipya ni rutuba, kumbe ni sehemu ya mgodi uliofungwa zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Mafuriko yaliporudi

Baada ya mkasa wa mwaka wa 2013, tingatinga zililetwa kuondoa mawe na kuurudisha mto katika njia yake. Kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za chuma zilijengwa katika sehemu kadhaa.

Lakini mto ulikuwa umebadilika. Kitanda chake kilikuwa kimejaa mawe na kuinuka, hivyo hata maji kidogo yalitosha kuuvusha kingo. Juu mlimani, makovu ya maporomoko yaliendelea kumwaga udongo kila masika. Mafuriko yalitokea tena Mei 2014.

Mei 2020, huku dunia nzima ikihangaika na janga la Covid-19, mito kadhaa ya wilaya ya Kasese, Nyamwamba ikiwemo, ilifurika kwa wakati mmoja. Safari hii Hospitali ya Kilembe Mines iliharibiwa vibaya, na watu walioagizwa kujitenga ili kuepuka virusi walijikuta wamesongamana katika kambi za muda.

Mikasa yote mitatu ilitokea mwezi wa Mei. Kwa mkazi wa Kilembe, Leba Dei imekuwa alama katika kalenda ya hofu.

Mbona wasihame? Wengi hawana hati za ardhi kwingineko. Nyumba wanazoishi zilijengwa na mgodi kwa ajili ya wafanyakazi, na anayehama anapoteza paa pamoja na nafasi ya kuwa wa kwanza kuajiriwa iwapo uchimbaji utaanza upya. Mteremko ulio juu ya mto una hatari yake ya maporomoko. Kumwambia mtu ahame bila kumwonyesha pa kwenda ni sawa na kumwambia achague kati ya maji na udongo.

Mlima wa Kenya na mito ya Nairobi

Msomaji aliye Nairobi anaweza kudhani kwamba haya ni ya Uganda. Sivyo.

Machi 2012, mwezi mmoja tu baada ya moto wa Rwenzori, Mlima Kenya nao uliungua katika maeneo yake ya juu. Februari 2022, moto uliteketeza sehemu ya milima ya Aberdare, ambako sehemu kubwa ya maji yanayonywewa Nairobi hutoka. Katika visa vyote viwili moto ulitangulia masika kwa majuma machache. Moto unapozimwa, habari hukoma, ilhali ndio wakati ambapo kuwaangalia wakazi wa miteremko ya chini kunapaswa kuanza.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Aprili 29, 2024, maji yalisomba nyumba eneo la Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Awali ilisemwa kwamba bwawa lilikuwa limepasuka. Baadaye serikali ilieleza kwamba maji yalikuwa yamezuiwa na takataka, mawe na miti iliyokwama katika njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli, kisha kizuizi hicho kikaachia. Huo ndio ukuta wa maji ule ule uliojulikana Kilembe.

Siku mbili baadaye, sherehe za kitaifa za Leba Dei zilifanyika katika bustani ya Uhuru Gardens jijini Nairobi, ambako Rais William Ruto alipendekeza nyongeza ya angalau asilimia sita kwa mishahara ya kima cha chini. Wakati huo huo baadhi ya wafanyakazi ambao siku hiyo ilikuwa yao walikuwa wakiishi katika madarasa ya shule baada ya nyumba zao za Mathare na Mukuru kufurika.

Mto Ngong hupita katika Eneo la Viwanda, ukakatiza Mukuru, ukapita chini ya barabara ya Outer Ring na kuendelea katika mitaa ya Embakasi, si mbali na Fedha. Hautoki katika mlima ulioungua. Lakini kanuni ni ile ile: mvua ikinyesha juu ya ardhi isiyonyonya maji, hushuka yote kwa pamoja. Kilembe, ardhi hiyo ilikuwa mteremko ulioteketea. Nairobi, ni saruji, lami na mabati.

Magogo ya Nyamwamba yana ndugu zao hapa: mifuko ya plastiki, magodoro makuukuu, vifusi vya ujenzi na mapipa yanayotupwa mtoni hadi kalvati zikaziba. Mabaki ya mgodi nayo yana ndugu zao katika maji machafu ya viwanda. Mto wa Nairobi ukiingia nyumbani, huja na yote uliyopewa njiani.

Mei 2024 serikali iliagiza wanaoishi ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na nyumba nyingi zikabomolewa Mathare na Mukuru. Swali la Kilembe likaulizwa hapa pia: waende wapi, wakati ni ukaribu wa kiwanda uliowaleta hapo?

Kinachoweza kufanywa

Rwenzori imeonyesha kwamba si kila hatua ya kujikinga inahitaji fedha nyingi.

Hatua ya kwanza ni kuuhesabu moto kama onyo la mafuriko. Mlima unapoungua, ramani ya eneo lililoteketea inapaswa kuwekwa juu ya ramani ya mito, na vijiji vilivyo chini yake viarifiwe kabla ya masika ya kwanza na ya pili. Kilembe ilikuwa na miezi 15 ya kujiandaa.

Hatua ya pili ni kuwa na macho mlimani. Tangu mwaka wa 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon mjini Fort Portal, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, wamekuwa wakiwatumia wakazi waliopewa mafunzo kurekodi maporomoko, mafuriko na majanga mengine kwa simu zao. Mtu mmoja aliye juu ya bonde mwenye simu yenye chaji anaweza kuwapa walio chini dakika ambazo ngurumo ya mawe haitawapa.

Hatua ya tatu ni kuuachia mto nafasi yake. Kila daraja linapojengwa upya, linapaswa kuwa pana na la juu kiasi cha kupitisha magogo, la sivyo litakuwa kizuizi cha gharika ijayo. Mawe yanayojaza kitanda cha mto yanahitaji kuondolewa kila kiangazi, si baada ya mkasa tu.

Hatua ya nne ni kuyashughulikia mabaki ya mgodi. Mwekezaji yeyote atakayeichimba shaba ya Kilembe siku zijazo atakuwa akirithi pia marundo yaliyo kando ya mto. Mkataba usiotaja marundo hayo utakuwa umewaachia wakazi deni, na faida ukampa mwingine.

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu zaidi, nayo ni makao. Watu huishi kando ya mto kwa sababu kazi iko hapo, na ikiwa kazi haitahama, basi nyumba salama zitafutwe karibu na kazi. Hilo ni suala la wafanyakazi sawa na mshahara, na linastahili kuandikwa kwenye mabango yanayobebwa kila Mei 1.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Kilembe ulionekana Februari 2012, ukiwa na moshi juu yake, na wengi wakadhani kwamba mvua itakapoanza tatizo litakuwa limekwisha.